Kilo Hamsini za Delfa Moreira

Mji wetu una barabara moja ya lami, na kwa miaka arobaini na miwili nguo karibu zote zilizopita kwenye barabara hiyo zilitoka mikononi mwa Delfa Moreira. Alishona magauni ya harusi, suruali za maziko, sare za shule na joho la padri. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, mwenye mikono mikubwa ambayo usingedhani inaweza kutunga uzi kwenye sindano. Mimi naitwa Eleuterio Vera. Nilikuwa karani wa usajili, kazi yangu kuandika vizazi, ndoa na vifo, na ofisi yangu ilitazamana na duka lake. Kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na machache aliniambia mwenyewe.

Delfa aliishi na mama yake, Bi Petita, mjane mwembamba aliyevaa soksi ndefu hata mwezi wa tatu, wakati joto linawalaza mbwa ndani ya maji ya mto. Bi Petita alikuwa na swali moja tu maishani, na kwa swali hilo alimlea binti yake. Delfa akicheka kwa nguvu, mama anauliza, "Watu watasemaje?" Akipiga mluzi huku anakanyaga cherehani: "Unapiga mluzi kama mchunga ng'ombe, watu watasemaje?" Akitaka kusimama pale kona anunue ndizi ya kukaanga iliyojazwa samaki: "Ule umesimama barabarani! Watu watasemaje?" Watu wenyewe, nami nikiwa mmoja wao, hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tunangoja mashati yetu.

Mwaka 1968 alikuja mwanaume kumposa. Alikuwa Nicanor Alcívar, fundi wa kuhasi nguruwe, mtu mtaratibu, safi, mwenye kofia iliyopigwa pasi. Tatizo lake lilikuwa moja: kofia hiyo, akiwa ameivaa, ilimfikia Delfa begani. Alileta jibini iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akaketi, akasema haja yake mara moja bila kuzunguka. Delfa alikuwa nyuma ya pazia, ameshika vikombe vya kahawa. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, na jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Bi Petita alimwacha mgeni amalize kahawa yake. Kisha akasema, "Bwana Alcívar, wewe ni mtu mwema. Lakini binti yangu akitembea na wewe, watu watadhani amemshika mtoto mkono, anampeleka shule."

Nicanor aliinuka, akachukua kofia, akaaga vizuri. Jibini ilibaki. Waliila wiki nzima.

Bi Petita alifariki mwaka 1984. Mimi ndiye niliyeandika cheti. Nilidhani binti yake, sasa mtu wa miaka arobaini na miwili, angefungua madirisha. Hakufungua. Swali lilibaki ndani ya nyumba, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuliuliza, alijiuliza mwenyewe.

Sasa niseme habari ya tarehe 24 Septemba 1986.

Siku hiyo ni sikukuu ya Mama wa Rehema, na mji mzima unaandamana kutoka mtoni hadi kanisani. Mbele kabisa hutembea mwanamke mmoja na bendera kubwa ya hariri, yenye picha ya Mama huyo, kwenye mti wa mita tatu. Kuibeba ni heshima kubwa. Mwaka ule Bi Hortensia Loor, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimteua Delfa. Alisema wazi kwamba hakumteua kwa uchaji wake. Alitaka mtu mrefu ili bendera isiburute vumbini.

Delfa alijishonea sketi mpya ya bluu. Ila wiki ile alikuwa ameshona magauni kumi na tisa ya watu wengine, na ya kwake aliimaliza alfajiri ile ile. Kiunoni akaweka kishikizo kimoja, akijiambia kitatosha mpaka atakaporudi nyumbani.

Kishikizo kilivumilia hadi mbele ya ofisi yangu. Nilikuwa nimesimama pale na mshumaa wangu. Nikaona sketi inalegea, inateremka taratibu kama pazia, halafu ikawa chini, imeizunguka miguu yake.

Ndani alikuwa amevaa gagulo la gunia la unga wa ngano. Hilo lenyewe si ajabu. Wanawake wote wa mji wetu walishona magagulo kwa magunia yale, maana kitambaa chake ni laini na hakichaniki, na wote walikana. Shida ni kwamba maandishi ya gunia yanahitaji kufuliwa mara nyingi ndipo yatoke, na gagulo la Delfa lilikuwa jipya. Nyuma, pale mtu anapokalia, kwa herufi nyekundu zenye upana wa kiganja, palisomeka: UZITO HALISI KILO 50.

Alitazama sketi. Akatazama bendera. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti, na upepo ulikuwa unavuta. Akiinama, Mama wa Rehema anaanguka kwenye vumbi. Basi akainua mguu mmoja, akauinua wa pili, akaiacha sketi pale, akaendelea kutembea.

Mpaka kanisani ilikuwa mitaa minne. Waandamanaji mia tatu walikuwa nyuma yake, na wote walijua kusoma. Kicheko kilianza kwa wanawake wa mstari wa kwanza, kikaenda nyuma, kikafika kwenye bendi. Mpiga tarumbeta aliishiwa pumzi, wa pili naye vilevile, ikabaki ngoma peke yake. Delfa hakugeuka. Shingo yake ilikuwa nyekundu, lakini bendera haikuyumba.

Sketi ilibaki katikati ya barabara. Watu waliipita kulia na kushoto. Mimi nilikuwa karibu nayo kuliko wote na ningeweza kuiokota nimkimbilie. Sikuiokota. Niliogopa kwamba wangenicheka.

Kabla jua halijazama alikuwa na jina jipya. Watoto walilichora kwa chaki kwenye mlango wake: KILO HAMSINI.

Duka halikufunguliwa kesho yake, wala keshokutwa. Siku nne mlango ulikuwa umefungwa na mimi nilikuwa nautazama kutoka kwenye meza yangu. Bi Hortensia alisema angekuwa yeye angehamia mji wa mbali, Guayaquil. Wengine walisema huenda amejidhuru, tukatazamana, na bado hakuna aliyebisha hodi. Siku ya tano, kama saa mbili asubuhi, mlango ukafunguka. Delfa akatoka na kikapu, amevaa gauni la nyumbani, akaelekea sokoni.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza alifanya nini siku zile nne. Aliniambia hivi:

"Nilikuwa nimekaa kitandani nangoja kufa, Eleuterio. Nilidhani mtu akiaibika kiasi kile anakufa tu, kama mtu aliyeumwa na nyoka. Siku ya kwanza sikufa. Ya pili sikufa. Siku ya tano ndizi ziliisha nyumbani, na njaa ilikuwa inauma."

Sokoni walimwona tangu mbali. Mwanamke mmoja wa samaki akapiga kelele, "Jamani, Kilo Hamsini huyo! Leteni mizani!" Soko zima likaangua kicheko. Wengine walishika mbavu. Muuza ndizi naye hakutaka kubaki nyuma. Alimwambia, "Karibu, mama! Nikupimie kilo hamsini?"

"Kichana kimoja," alisema Delfa. "Na usinipe kilichoiva upande mmoja."

Hicho ndicho kitu pekee alichosema. Akalipa, akaweka ndizi kikapuni, akarudi kwa njia ile ile.

"Walicheka, nikawasikia vizuri kabisa," aliniambia. "Nikangoja kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Mimi nilitaka ndizi, wao walitaka kucheka, kila mtu alipata chake. Nikafika nyumbani nikapika."

Mchana ule tulisikia cherehani. Pamoja na cherehani tulisikia mluzi, wimbo mzima wa mapenzi wenye huzuni, unapanda na kushuka bila kukosea. Nilitoka nje kuangalia ni nani. Alikuwa yeye. Miaka arobaini na minne alikuwa na mluzi ule kifuani na hakuna aliyeujua ila mama yake.

Hakugeuka kuwa mtu mwingine. Hilo nalisema kwa sababu watu wanapenda kusimulia kwamba alianza kuvaa ajabu au kutukana ovyo. Hapana. Alikuwa yule yule, ila alianza kufanya vitu vidogo vidogo. Alikula ndizi ya samaki pale kona, amesimama, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Jumatano mchana alifunga duka akalala. Mlangoni aliandika kwa mkono wake: NIMELALA. Wateja waliuliza, akajibu kwamba Jumatano huwa anasikia usingizi. Na akiwa na maoni kuhusu nguo, aliyatoa.

Bi Hortensia alikuwa wa kwanza kuyapata. Alikuja na kitambaa cha manjano, anataka gauni la kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu.

"Rangi hii si nzuri kwako, Bi Hortensia," alisema Delfa akikinyoosha kitambaa mezani. "Utaonekana umeamka na homa."

"Sikukuomba rangi, nimekuomba ushone. Au siku hizi unashona magunia tu?"

"Magunia ni rahisi zaidi. Hayabishani."

Bi Hortensia alikusanya kitambaa chake, akaondoka, akampelekea fundi wa mji jirani. Kwa miezi miwili alipiga marufuku mtu yeyote wa chama chake kukanyaga kwa Delfa. Wateja walipungua nusu. Delfa aliuza kuku wawili, akala maharage zaidi, akaendelea kulala Jumatano. Kisha ubatizo ukafika. Gauni la manjano likarudi kutoka mji jirani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Bi Hortensia akaingia tena dukani kupitia mlango wa nyuma. Delfa alilirekebisha. Hakusema neno juu ya rangi, kwa sababu safari hii gauni lilikuwa limeshashonwa.

Mwezi wa kumi na moja alifanya jambo lililowashangaza watu kuliko gagulo. Lilisimuliwa kwangu na Wilfrido, fundi wa matairi, ambaye alikuwa pale pale. Jumamosi, kwenye mnada wa nguruwe, Nicanor Alcívar alikuwa amechuchumaa ananawa mikono kwenye ndoo baada ya kazi. Alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuwahi kuoa. Delfa alisimama mbele yake, kivuli chake kikaifunika ndoo.

"Nicanor," alisema, "lile swali ulilouliza mwaka wa sitini na nane."

"Swali gani, Bi Delfa?"

"Uliuliza mara moja tu, usijifanye umesahau. Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu siku ile, ila nilikuwa nimeshika vikombe."

Nicanor alisimama, na kusimama kwake hakukusaidia sana. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wanunuzi walikuwa wameshaacha kupatana bei.

"Mbona hapa? Mbele ya watu wote hawa?"

"Nguruwe ni wengi kuliko watu."

"Bi Delfa, mimi ni mtu wa kuingia nyumba za watu. Kazi yangu inataka heshima. Watanicheka. Watasema... unajua watakavyosema. Watasema nimebeba kilo hamsini."

"Ni zaidi ya hamsini," alisema Delfa. "Themanini na tatu."

Wilfrido anasema hapo watu walishindwa kujizuia, na Nicanor akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Akatikisa kichwa. "Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Siwezi."

Delfa alimtazama kidogo. "Haya," akasema. "Nilitaka ujue tu, maana jibu ni lako." Akaenda kununua mafuta ya nguruwe, akapatana bei kama kawaida, akarudi nyumbani. Nilimwona akipita. Sitasema alikuwa na furaha. Siku ile hatukusikia mluzi. Lakini Jumatatu alifungua saa mbili kamili.

Basi ulipofika mwisho wa mwaka hapakuwa na ubishi ni nani atakayekuwa sanamu letu. Kila tarehe 31 Desemba mtaa wetu hutengeneza sanamu la Mwaka wa Zamani kwa nguo kuukuu, likajazwa vumbi la mbao, likaketishwa kwenye kiti barabarani tangu asubuhi. Vijana hujivika magauni meusi, wakajifanya wajane wa marehemu, wakalia kwa sauti na kuomba senti kwa madereva. Saa kumi na moja jioni, kabla watu hawajalewa, husomwa wosia wa sanamu, ambao kila mtu anaachiwa kitu cha kumchekesha mwenzake. Usiku linachomwa. Wosia huo niliuandika mimi kwa miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo sikuwahi kuandikwa ndani yake, maana kalamu ilikuwa yangu. Nadhani ndiyo sababu niliipenda kazi ile.

Wilfrido na vijana wake walimtengeneza Delfa wa vumbi la mbao, mkubwa kama kabati, mti wa bendera mkononi, sketi ya bluu kwenye vifundo vya miguu. Walimgeuza ili mgongo uelekee barabarani, wakaandika kwa rangi nyekundu: KILO 50. Wajane walikuwa wanalia vizuri sana, "Ametuacha na uzito wake wote!", na malori yalikuwa yanapunguza mwendo kutazama.

Kama saa sita mchana Delfa alitoka dukani akavuka barabara. Wajane wakampisha. Alilizunguka sanamu mara moja. Akabana kitambaa cha gagulo kwa vidole viwili.

"Nani kashona hii?"

"Mimi, Bi Delfa," alisema Wilfrido. Alikuwa amevaa gauni la mkewe, na mashavu yamepakwa masizi. "Ni utani tu. Usichukie."

"Hiki ni kitambaa cha shuka. Gunia halikunji hivi. Na hapa kiunoni pataachia kabla hata hamjalichoma. Ngoja."

Akaenda nyumbani. Wilfrido alininong'oneza kwamba anafuata panga, nami sikuwa na uhakika kwamba anatania. Akarudi na gagulo lenyewe, lile la Septemba, limefuliwa na kupigwa pasi, herufi bado zinasomeka. Akapiga magoti, akalivua sanamu gagulo la shuka, akalivalisha la kweli. Akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akashona kiuno mishono kumi hivi, ya haraka, akakata uzi kwa meno.

"Mnaiga ya nini wakati lenyewe lipo?" alisema. "Ila lastiki nimeichomoa. Bado ni nzuri."

Mmoja wa wajane alianza kucheka, halafu wote tukacheka, na yeye akatabasamu kidogo. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimebadilika, hakikuwa na mahali pa kushika. Tulikuwa tunacheka pamoja naye kama watu waliokaa meza moja, na hilo silo tulilokuwa tumepanga.

Jioni niliposimama na karatasi zangu, alikuwa ameleta kiti chake, ameketi safu ya mbele karibu na Bi Hortensia. Nikaanza:

"Delfa wa cherehani, leo naaga dunia,
Nguo nimeshona nyingi, nami navaa gunia."

"Paza sauti, Eleuterio," alisema Delfa. "Bi Hortensia hasikii vizuri sikio la kushoto."

Nikapaza sauti. Padri aliachiwa kishikizo. Bi Hortensia aliachiwa homa ya manjano, na aliitazama mikono yake hadi nilipomaliza mstari ule. Kisha nikafika mahali nilipokuwa najivunia kuliko pote:

"Nicanor wa nguruwe, sketi nakuachia,
Siku ukiona haya, ndani utajifichia."

Kicheko kile kilisikika mtoni. Nicanor alikuwa amesimama nyuma, chini ya paa la duka la dawa. Watu waligeuka wote kwa pamoja kumtazama. Alivaa kofia yake, akajaribu kutembea polepole, akashindwa, akakimbia. Delfa ndiye pekee ambaye hakugeuka wala hakucheka. Alisubiri nimalize, akachukua kiti chake, akaenda zake.

Wiki ya kwanza ya Januari aliingia ofisini kwangu kutaka nakala ya cheti cha mama yake. Nilipokuwa naitafuta nilisema, "Bi Delfa, kuhusu wosia ule... kama uliumia..."

"Mimi sikuumia," alisema. "Mstari wa sketi ndio mbaya. Yeye alikuwa anaogopa hicho hicho, na wewe ulijua anaogopa." Akakunja nakala yake, akaiweka mfukoni. "Kwaheri, Eleuterio."

Sikuandika tena. Desemba iliyofuata nilisema macho yananisumbua, kazi akaichukua kijana wa duka la dawa, ambaye mashairi yake hayana vina.

Nicanor alitoweka miezi miwili, akifanya kazi kwenye mashamba ya juu milimani. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa inamwagika, nilimwona amesimama mlangoni kwa Delfa na suruali mkononi. Alisimama pale muda mrefu, maji yakitiririka kutoka kwenye kofia. Mlango ulikuwa wazi, na mvua ilipopungua niliwasikia.

"Naomba kupunguziwa urefu," alisema Nicanor.

"Ingia, unalowa."

"Bi Delfa, kule milimani nako wanajua. Sijui nani aliwapelekea. Kila zizi ninaloingia wananiuliza sketi iko wapi." Akavua kofia, akaikung'uta maji. "Nimechekwa kwa kukataa. Kama ni kuchekwa, heri ningechekwa kwa kukubali."

Cherehani ilisimama. "Sasa hivi nina magauni matatu ya komunyo ya kwanza," alisema Delfa. "Njoo Jumapili tule."

Walioana mwezi wa tano, Jumanne saa nne asubuhi, ofisini kwangu, kwa sababu Nicanor hakutaka kanisa lijae. Hata hivyo mlango wangu ulijaa. Watu waliacha kazi. Nilipomwomba bwana harusi asogee kwenye meza kutia sahihi, Wilfrido alipiga kelele kutoka nje, "Mleteeni ngazi!"

Nicanor aliganda na kalamu mkononi. Nilidhani atakimbia tena.

"Wilfrido," alisema Delfa bila kugeuka, "kama unayo ngazi, ilete kweli. Balbu ya Eleuterio imeungua tangu Krismasi."

Na kweli ilikuwa imeungua. Watu wakatazama dari. Wilfrido akaenda akaleta ngazi, akapanda, akabadilisha balbu, na chini yake Nicanor akatia sahihi, kwa mwandiko mdogo uliopinda kulia. Ni ndoa pekee niliyoiandika chini ya ngazi.

Nisiwadanganye kwamba Nicanor alifanana na mkewe. Hakufanana naye hata siku moja. Walipotoka pamoja yeye alitembea juu ya ukingo wa barabara na Delfa akatembea chini kwenye lami, hivyo akapata kama sentimita ishirini. Palipokosekana ukingo alitangulia hatua tatu, kana kwamba anawahi mahali. Kuna siku nilimuuliza Delfa kama hilo halimkeri.

"Linikere kwa nini? Anapenda kule juu. Kuna kivuli."

Waliishi hivyo miaka kumi na sita. Nilimwona Nicanor akimletea chakula cha mchana dukani kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, akiangalia kwanza kama barabara ina watu. Wakiwa ndani walizungumza sana, na yeye ndiye aliyekuwa anazungumza zaidi. Nilisikia sauti yake hadi kwenye meza yangu, anasimulia habari za nguruwe, na Delfa anauliza maswali. Alifariki mwaka 2003, moyo, akiwa amelala. Delfa alishona suti ya maziko kwa siku moja. Ilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa.

Mwaka uliofuata aliuza cherehani, akahamia pwani, Bahía, kwa binamu yake mwenye nyumba ya vyumba viwili. Huko hakuna anayemjua. Jina la Kilo Hamsini lilibaki huku kwetu kidogo, kisha likafa, maana waliokuwa wanalitumia wamezeeka au wamehama, na vijana wananunua nguo zilizoshonwa tayari.

Huwa nampigia simu siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka jana aliniambia kwamba kila asubuhi anaingia baharini, akiwa na miaka themanini, kwa gauni la ndani, hadi maji yamfike shingoni, halafu anakaa humo nusu saa. Ufuo unakuwa na watu, wauza juisi, watalii kutoka Quito.

"Hawakucheki?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Sijatazama."

Kisha akaniuliza kama mvua imeanza huku kwetu. Nikamwambia bado.